Mpira wa Sentimita 65

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu Wete, Pemba, aliugeuzageuza mpira mikononi akitafuta pa kutilia upepo. Ulikuwa umenywea kama puto la juzi. Ulitoka Dar es Salaam kwa boti, umekunjwa ndani ya boksi lisilozidi ukubwa wa boksi la viatu, uzito wake kama wa mfuko wa kilo ya sukari. Pampu ya plastiki iliyokuja nao ilivunjika mpini kabla mpira haujafika nusu, ndiyo maana nikaubeba kwapani hadi kibandani kwake, mimba yangu ikiwa ya miezi saba.

"Dada, wa kuchezea nini huu?"

"Wa kukalia."

Hakuuliza tena. Alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakizungushia mdomo wa pampu yake ya miguu mpaka ukaenea kwenye tundu, akaanza kupiga upepo. Watoto waliokuwa wakitoka chuoni walisimama, juzuu zao vifuani, wakiutazama mpira wa buluu ukipanda mpaka ukawapita magotini. Nilikuwa nimekuja na tepu ya fundi cherehani. Nikamwomba aweke alama ya mkaa ukutani, sentimita 65 kutoka chini, kisha tukausogeza mpira ukutani na kulaza ubao juu yake tuone umefika wapi. Ulikuwa bado. Akaongeza, tukapima, akaongeza tena. Akanambia nirudi kesho yake, kwa sababu mpira mpya hutanuka usiku na kulegea. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokuwemo ndani ya boksi, lakini yeye alilijua kwa kuzoea tyubu.

Nataka nieleze vizuri kwa nini nilihangaika hivyo, maana kuna wenzangu walioniona nikipita nao barabarani wakadhani nimeingiwa na wazimu wa mitandaoni.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Anayeijua Pemba anajua jioni za msimu zilivyo: karafuu mbichi zimemwagwa chini, watu wamezizunguka, kila mmoja anachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, mpaka vidole vinageuka rangi. Unakaa chini miguu umenyoosha au umeikunja, umeinama mbele, na maneno hayaishi. Kazi hii naipenda toka utotoni. Lakini mwaka ule, kila nikiinuka, kiuno kilikuwa kimeshika kama mlango uliovimba kwa mvua. Usiku silali. Nikilala ubavu huu nyonga inawaka, nikigeuka inawaka ya pili. Muuguzi wa kliniki alinipima mkojo na presha, akaona kila kitu kiko sawa, akanieleza kwamba mwanamke akiwa na mimba mwili hutoa homoni inayoitwa relaksini, inayolegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo nalo linavuta uti wa mgongo kwenda mbele. Ukikaa kitako mahala pamoja muda mrefu, viungo vilivyolegea vinabeba mzigo visiouzoea. Yeye ndiye aliyenitajia mpira. Alisema, "Ukiupata, ukalie badala ya kiti. Usipoupata, basi usikae mahala pamoja nusu saa nzima."

Mpira wenyewe haukutengenezwa kwa ajili ya waja wazito. Mwaka 1963, Mtaliano Aquilino Cosani, mtu wa kutengeneza vitu vya plastiki, ndiye aliyeutoa. Kule Uswisi watu wa tiba ya viungo wakauchukua kuwafanyisha mazoezi watoto wenye utindio wa ubongo, na Wamarekani waliouona huko wakauita mpira wa Uswisi. Wakunga waliuingiza kwenye vyumba vya kuzalia baadaye.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mpira si saizi moja. Mwanamke mfupi, tuseme asiyefika sentimita 160, anafaa wa 55. Wa kimo cha kati, kama mimi mwenye sentimita 166, wa 65. Mrefu sana anahitaji wa 75. Lakini usitegemee namba ya kwenye boksi peke yake, mwili wako ndio shahidi. Ukikaa, nyayo zote mbili zilale chini, miguu iwe wazi kuliko mabega, na nyonga ziwe juu ya magoti kidogo. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mpira ni mdogo au hauna upepo wa kutosha, na hapo unajikunja mgongo vilevile kama kwenye jamvi. Vidole vya miguu vikiwa ndivyo vinavyogusa chini, mpira ni mkubwa, na utakuangusha. Tena tafuta ule ulioandikwa kwamba haupasuki kwa kishindo. Ukitobolewa unatoa upepo polepole, unakushusha chini kwa salama. Nyumba zetu zina vitu vingi vya kuutoboa, na cha kwanza ni meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

Siku ya tatu tu nilikaribia kuanguka. Nilikuwa nimeuweka juu ya mkeka, na sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Nilipokaa, mkeka uliteleza, mpira ukaenda nao, nikadaka ukingo wa kitanda. Moyo ulinipiga mpaka mtoto akacheza tumboni. Toka siku hiyo nilikaa kwenye sakafu tupu, kavu, miguu peku, mpira umebanwa baina ya kitanda na ukuta, na mkono mmoja karibu na kitu cha kushika. Soksi hapana. Kanga inayoburura hapana. Na jua la Pemba mpira usiuonje: upepo wa ndani hupata moto na kutanuka.

Bibi yangu alikuja kutoka upande wa Konde kukaa nami wiki mbili. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini mikono yake imepokea watoto wa kijiji kizima, enzi ambazo hospitali ilikuwa mbali na gari ilikuwa ya bahati. Niliogopa atauchukia mpira, yeye anayenikataza hata kukaa kizingitini. Aliupapasa kote kwa kiganja, akaubonyeza, akasema, "Kaa nikuone." Nikakaa. Akaweka viganja vyake viwili juu ya nyonga zangu. "Zungusha." Nikazungusha.

"Unatikisa mabega," akasema. "Mabega hayazai."

Akanishika mabega yakatulia. Akaniamuru nizungushe kiuno peke yake, polepole, duara dogo, kisha kubwa, kisha dogo. Nilipoharakisha alinipiga kofi jepesi pajani. "Mwanangu, unapeta mchele. Ungo hauendi mbio, punje zitamwagika." Na kweli, nilipofikiria ungo, kiuno kilijua chenyewe la kufanya. Kulia, nyuma, kushoto, mbele. Nikasikia mfupa wa chini ya mgongo unaachia, kitu ambacho sikukisikia kwa wiki nzima.

Usiku ule alinieleza namna walivyokuwa wakifanya. Mwanamke akishikwa na uchungu hakulazwa. Aliachwa atembee chumbani, ainame akishika kitanda, apige magoti, akae kwenye kibao cha chini. Somo wangu, mwanamke aliyenifunda, aliponiweka ndani kabla ya harusi alinifundisha kiuno kwa ngoma, nami siku zote nilidhani ni mafunzo ya ndoa tu. Bibi alisema kiuno kile kina kazi mbili, na ya pili ndiyo nzito. Sisemi ya zamani yote yalikuwa mema. Bibi mwenyewe ana majina ya wanawake anaowaombea dua hadi leo, waliotokwa na damu akawa hana la kuwafanyia, na ndiye wa kwanza kusisitiza mtu azalie hospitali. Lakini lile la kumwacha mwanamke atembee lilikuwa jema, nalo ndilo nililonyimwa mara ya kwanza.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa miaka mitano kabla ya hapo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Niliingia njia imefunguka sentimita tatu. Nikaambiwa panda kitandani, lala chali, usishuke. Nililala hivyo kuanzia adhuhuri mpaka usiku. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, nasema haki. Wakunga walikuwa wachache na sisi tulikuwa wengi. Lakini kila uchungu ulipokuja mwili wangu ulitaka kuinuka, na kila nilipoinua kiwiko nilisikia, "Tulia, mama." Maumivu yote yalikuwa mgongoni, kama mtu ananisukuma mfupa kwa kisigino. Kila saa wakinipima, wakitikisa kichwa, njia haiendi. Nilijiona nimeshindwa kazi ambayo wanawake wote wanaiweza.

Baadaye nilisoma, na niliposoma nililia. Mwanamke mwenye mimba kubwa akilala chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayokwenda kwa mtoto inaweza kupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya huduma wakati wa kujifungua. Humo limesema mwanamke asiye na hatari maalumu ahimizwe kutembea na kukaa wima wakati wa uchungu, awe na mtu anayemtaka pembeni yake, na kwamba uchungu wa kasi huhesabiwa kuanzia sentimita tano. Limesema pia kwamba ile kanuni ya njia kufunguka sentimita moja kila saa haiwezi kuwa mizani ya kila mwanamke. Kwa hiyo sentimita tatu zangu zilikuwa mwanzo tu wa safari. Sikuwa nimeshindwa kitu. Na mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 25 za wanawake zaidi ya 5,000, yalionyesha kwamba wanaokaa wima na kutembea katika hatua ya kwanza ya uchungu huimaliza hatua hiyo mapema zaidi, kwa wastani wa saa 1 na dakika 22, kuliko wanaolala. Kwa mtu wa nje dakika 82 ni kidogo. Aliyewahi kulala kitanda kile anajua ni nyingi namna gani.

Kwa hiyo wiki zote zilizobaki nilikalia mpira kama kiti changu. Nilichambua mchele juu yake, nilisahihisha madaftari ya skuli juu yake, dakika kumi na tano, ishirini, kisha nainuka natembea. Nilizungusha kiuno asubuhi na baada ya Isha. Mgongo ulipozidi nilipiga magoti juu ya godoro lililokunjwa, nikaukumbatia mpira kifuani, tumbo likaning'inia huru, nikajisukuma mbele na nyuma. Katika yote, hilo ndilo lililonisaidia zaidi, kwa sababu mtoto anauachia uti wa mgongo wako na kuelemea mbele. Kurukaruka kwa nguvu sikufanya, na sikuona faida yake.

Hapa nasema kwa uzito. Mpira si wa kila mtu. Mwenye kutokwa na damu, mwenye kondo lililokaa chini, aliyepasuka chupa kabla ya wakati, aliyeambiwa ana dalili za kuzaa kabla ya miezi kutimia, asiuguse mpaka kliniki imruhusu. Mwenye presha au kizunguzungu aulize kwanza. Na chupa ikipasuka wakati umeambiwa kichwa cha mtoto bado hakijashuka, wacha mpira, nenda hospitali, maana kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto.

Uchungu ulinianza wiki ya 39, saa nne usiku, mvua ikipiga mabati. Nilikaa juu ya mpira nikikabili kitanda, mikono na kichwa nimevilaza juu ya mito. Uchungu ukija, nazungusha. Ukiondoka, natulia kabisa, napumua, nameza fundo moja la chai ya tangawizi. Mume wangu alikaa nyuma yangu juu ya kibao, amepaka viganja mafuta ya nazi, akanikandamiza sehemu ya chini ya mgongo kila ninapoinua kidole. Hatukusema sana. Jambo moja nililigundua usiku ule: kwenye kitanda, uchungu unakujia na wewe umekaa unaungoja. Juu ya mpira ninaanza kuzunguka kabla haujafika kileleni, nakwenda nao, na unaposhuka nimo ndani ya mwendo bado. Uliuma? Uliuma sana. Tafiti zinasema mpira hupunguza maumivu, nami nashuhudia kwamba yalipungua, lakini atakayekuambia yanaondoka anakudanganya. Kilichoondoka kwangu ni hofu ya kufungwa mahala pamoja.

Kabla ya adhana ya alfajiri uchungu ulikuwa unakuja kila dakika nne au tano, nami siwezi kusema neno ukiwa umenishika. Tukaondoka. Mpira tuliutia kiti cha nyuma, nami nikapiga magoti kando yake, nimeushika.

Mkunga wa zamu alinipima: sentimita sita. Akautazama mpira, akanitazama mimi. "Ukianguka nao humu," alisema, "jina litakaloandikwa ni langu." Sikumlaumu, alisema kweli. Nikamwambia umeoshwa kwa sabuni na maji ya klorini, na mama yangu mdogo atasimama nyuma. Wodi ilikuwa na nafasi asubuhi ile, na pazia lilikuwepo. Alifikiri kidogo, akatuonyesha kona yenye kuta mbili. Masharti yake: mama mdogo asiondoke hata kwa choo bila kumwita, na yeye atakuja kusikiliza moyo wa mtoto kila baada ya muda, niwe pale pale nilipo. Na alikuja. Alichuchumaa mbele yangu, akaweka kile chombo cha mfano wa tarumbeta ndogo tumboni, sikio lake kwenye mdomo wa pili, mkono wake umenishika goti ili nisiyumbe. Alihesabu kimya, midomo ikicheza. Sitamsahau mwanamke yule alivyochuchumaa sakafuni kwa ajili yangu.

Chupa ilipasuka nikiwa juu ya mpira. Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Nilipoanza kusikia haja ya kusukuma mkunga alinipandisha kitandani, lakini si chali: alinilaza ubavu wa kushoto, mama mdogo akanishikia mguu wa juu. Kule kwenye hospitali zinazotoa sindano ya ganzi ya mgongoni wana mpira wa pili wenye umbo la njugu, uliobanwa katikati, wanaomwekea mwanamke asiyeweza kushuka kitandani baina ya magoti ili nyonga zibaki wazi. Sisi tulitumia mto.

Binti yangu alizaliwa saa tatu na robo asubuhi, kilo 3.2. Baada ya kila kitu kwisha mkunga alimwuliza mama mdogo mpira unauzwa wapi na kwa kiasi gani, akaandika nyuma ya kadi.

Ndani ya arobaini mpira ulipata kazi nyingine. Jioni mtoto akishikwa na kilio kisicho na sababu, nilikaa juu yake nimemlaza kifuani, nimemshika kichwa na mgongo, nikapanda na kushuka kidogo kidogo, nyayo zimeshika chini. Dakika chache tu, kimya.

Sasa wifi yangu wa Mkoani ana mimba ya miezi sita na mgongo umeanza kumlaza. Alinitumia ujumbe nimpelekee mpira kwa daladala, nami nilikuwa nimeshautoa upepo na kuukunja. Kisha nikakumbuka kimo chake, nikamwambia asimame mlangoni mumewe ampime. Sentimita 154. Wangu ungemning'iniza miguu. Tumemwagizia wa 55, utakuja na boti ya Jumamosi, na pampu nimewaambia waulize ya chuma.